Mwanamke Aliyesimama Nyuma ya Meza

Barua ya mwenyekiti ilikuwa na mihuri miwili, na kosa lenyewe lilikuwa la kuvuta meza.

Fundi mizani aliisoma kwa mara ya tatu akiwa amesimama kwenye ngazi, miwani imemshukia hadi ncha ya pua. Huko juu, nyuma ya mlango wa ukumbi, viti vilikuwa vinaburutwa. Huko chini, katika duka la magodoro, mtu alikuwa anapiga godoro kwa kiganja kumwonyesha mteja kwamba halina vumbi.

"'Mwanachama tajwa,'" alisoma, "'alivuta meza ya kumbukumbu kutoka ukutani kwa kiasi cha hatua moja, akapita nyuma yake, na kusimama mahali pasiporuhusiwa kwa muda usiopungua dakika kumi.'"

"Kumi na mbili," alisema mwanamke aliyekuwa amesimama ngazi moja chini yake. "Kama wanaandika, waandike sawasawa."

Alikuwa na miaka arobaini na sita, ameachika zamani sana hata ameacha kuliona jambo hilo kama habari. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, katika chumba chenye dirisha moja mtaa wa tatu kutoka hapo. Hata Jumamosi, akishaoga na kuvaa gauni lake la kijani, hakosi chembe ya plasta nyeupe chini ya kucha. Katika klabu ya sataranji, huko juu, walimwita Fundi Meno. Fundi mizani alimwita fundi mwenzangu, na kila akilisema neno hilo masikio yalimwaka moto, mtu mzima wa miaka hamsini na minne.

"Ulikwenda kufanya nini kule nyuma?" aliuliza.

"Kutazama."

"Uliona nini?"

"Nikikuambia itakuwa nimekutafunia. Ukitaka kukiona itabidi ugeuke, na wewe hugeuki."

Ilikuwa kweli. Meza iliyotajwa kwenye barua ilibeba sanduku la kioo, na ndani ya kioo kulikuwa na ubao wa sataranji wa marehemu mke wake, kete zimepangwa kama zilivyochorwa katika fumbo la mwisho alilolitunga kitandani hospitalini. Chini yake kibao kilisema: *Weupe waanze, wamalize kwa hatua mbili.* Miaka mitatu hakuna aliyelifumbua. Watu walikuja kutoka klabu nyingine, wakasimama mbele ya kioo wakikuna videvu, wakaondoka wakisema yule mama alikuwa na kichwa cha peke yake. Naye mume, miaka hiyo mitatu yote, alichagua kiti kimoja tu ukumbini, kile kinachokipa kioo mgongo.

"Sikiliza," alisema Fundi Meno. Alishusha sauti, si kwa hofu bali kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa lao wawili. "Nimekuja humu Jumamosi kumi na moja. Saba za mwisho umenisindikiza hadi kwenye kona. Wiki iliyopita ulinishika kiwiko tukivuka barabara, tulipofika upande wa pili ukakiachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Nimekuvumilia. Lakini leo wanataka kuniondoa, na aliyesaini barua ni shemeji yako. Kama unaona nisiingie, niambie hapa hapa ngazini. Sitalia. Nitarudi kazini, kuna mzee ananisubiri na meno yake ya juu."

"Sijasema usiingie."

"Niingie pia hujasema."

"Mimi..."

"Hiyo ndiyo sare yako," alisema, akampita, akapanda. Gauni lilimgusa mkono. Fundi mizani alibaki na barua, harufu ya nta ya kutengenezea meno, na aibu.

Maana jina lake humo ndani lilikuwa Sare. Walimpachika baada ya msiba. Zamani alikuwa mchezaji mkali, wa kushinda na kushindwa kwa kelele. Tangu alipozika, kila mchezo ukifika katikati, hata awe amemkaba mtu koo, alinyoosha mkono juu ya ubao na kusema, "Sare?" Na wenzake, kwa huruma ama kwa uvivu, waliupokea. Miaka mitatu hajashinda, hajashindwa. Hata mapenzi alikuwa anayacheza hivyo hivyo.

Alikunja barua, akaitia katika mfuko wa shati. Vidole vyake viligusa kitu kidogo kigumu kilichokuwa humo siku zote. Akavitoa haraka, akapanda.

*

Ukumbi ulikuwa chumba kirefu chenye feni mbili, moja ikizunguka, nyingine ikingojea bajeti. Wanachama kumi na wawili walikuwa wameketi kwa safu kama wanaosubiri daktari. Mbele yao, kando ya sanduku la kioo, alisimama mwenyekiti amevaa tai.

Alikuwa kaka wa marehemu. Mtunza ghala mstaafu, mtu aliyeishi maisha yake yote akihesabu marobota ya nyuzi na kuwasainisha watu. Si mtu mwovu. Ila watu ndivyo walivyo: ukimpa mtu kiti kirefu kidogo kuliko vya wenzake, wiki haiishi anaanza kuviona vichwa vyao kama vigoda. Akishakuwa na muhuri, ndiyo kabisa. Atatafuta cha kugonga.

"Tunaanza," alisema. "Mama huyu amevunja sheria ya kumi na moja."

Kinyozi, aliyekuwa mdomo wa klabu na aliyejua siri za nusu ya vichwa vilivyokuwa humo, alinyoosha mkono. "Mwenyekiti, samahani. Sheria ya kumi na moja si ile ya kutokula karanga mezani?"

"Imeongezewa kipengele."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Na meza imevutwa Jumamosi."

"Kinyozi, kaa."

"Nimekaa, mwenyekiti. Sijasimama tangu nije."

Watu walicheka puani. Fundi Meno alikaa peke yake mwisho wa safu, mikono mapajani, anatoa plasta chini ya ukucha mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameacha kiti kitupu kando yake. Fundi mizani alikiona. Alikiona pia kiti chake cha siku zote, kile cha kugeuzia mgongo. Akasimama katikati ya viwili hivyo kama mzigo uliosahauliwa stesheni.

"Huyu mama," mwenyekiti aliendelea, "kila alipokaa pamekuwa na shida. Mnakumbuka habari ya farasi."

Nani angesahau. Meza ya nne ilikuwa imepoteza farasi mweupe, watu wakawa wanatumia kizibo cha soda. Fundi Meno alichukua farasi aliyebaki, akamkandamiza kwenye plasta, na Jumamosi iliyofuata akaja na pacha wake, manyoya na pua na kila kitu, ila ana rangi ya fizi, kwa kuwa hiyo ndiyo rangi aliyokuwa nayo kazini. Ukumbi mzima ulicheka siku hiyo. Mwenyekiti hakucheka. Alisoma sheria ya nne, kete za klabu ni nyeupe na nyeusi, akamtupa farasi kwenye kapu la taka mbele ya aliyemchonga.

"Sasa amegusa kumbukumbu ya dada yangu," alisema mwenyekiti, na hapo sauti yake iliyumba kidogo, kwa kweli kabisa. "Hilo haliwezekani. Shemeji, mbona umesimama? Sema wewe. Ni mkeo aliyemo humu."

"Mke wangu hamo humo," alisema fundi mizani. "Humo mna kete."

Minong'ono ilipita kwenye safu. Mwenyekiti akalegeza uso, akamsogelea kama anayemsogelea mgonjwa.

"Najua upweke, shemeji. Hakuna anayekulaumu. Mwanamume akikaa peke yake, mtu akimchekea mara mbili anaona amependwa. Lakini tuna heshima. Mama yetu yuko hai, bado anakuita mwanangu. Mimi si mtu wa kufukuza watu. Tufanye hivi. Yeye aje Jumatano, na wale wanaojifunza. Wewe uje Jumamosi kama kawaida. Barua naichana. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa."

Akanyoosha mkono.

"Sare?"

Mwenyekiti alimjua vizuri shemeji yake, huo ndio ukweli. Alijua mkono huo haujawahi kukataliwa. Kinyozi aliinamisha macho. Mtu fulani alishaanza kuchukua kofia yake. Fundi mizani alitazama kiganja cha shemeji yake, kipana, safi, kinangoja. Kisha akatazama mwisho wa safu. Fundi Meno hakuwa anamtazama. Alikuwa amemaliza kucha za mkono wa kushoto, anahamia wa kulia, na midomo yake ilikuwa imebanwa kama ya mtu anayepigwa sindano na ameapa kwamba hatashtuka.

Fundi mizani alijua mwanamke huyo angepokea jibu lolote. Angetoka kwa ngazi ile, angerudi kwenye meno ya yule mzee, na asingekuja Jumatano wala siku nyingine.

"Sitaki," alisema fundi mizani.

"Hukunisikia. Nimesema sare."

"Nimekusikia, shemeji. Sitaki. Endelea kucheza."

Feni iliyokuwa nzima ikazunguka. Mkono wa mwenyekiti ulibaki hewani kidogo, ukakosa pa kwenda, ukaishia kwenye tai.

Fundi mizani akaenda hadi mwisho wa safu na kukaa kwenye kile kiti kitupu. Hakumgusa mwanamke. Alikaa tu, goti karibu na goti.

"Umechelewa," Fundi Meno alinong'ona bila kugeuza kichwa.

"Najua."

"Jumamosi saba."

"Nimesema najua, fundi mwenzangu."

"Basi," alisema mwenyekiti, na sasa hakuwa tena anamsogelea mgonjwa. "Kama ni hivyo tuzungumze yote. Kile chumba cha uani unachotengenezea mizani, nilikupa kwa sababu ya dada yangu."

"Ulinipa kwa sababu kilikuwa kinavuja," alisema fundi mizani, "na mimi nikaziba."

Kinyozi alikohoa ili asicheke.

"Naomba kujibu shitaka," alisema Fundi Meno, akasimama. "Maana naona mnaongea vyumba, na aliyeshitakiwa ni mimi."

"Huna la kujibu, mama. Ulionekana."

"Ndiyo, nilionekana. Nilivuta meza. Na ningekuwa na nafasi leo ningeivuta tena, kwa sababu huo ubao mmeutazama kinyume miaka mitatu."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti mwenyewe alidhani amesikia vibaya.

"Kinyume?"

"Kinyume. Mimi siku nzima natazama vinywa. Nikimtazama mteja, kulia kwake ni kushoto kwangu. Nikimpa nta aing'ate, palipokuwa na shimo panakuwa kilima. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimtengenezea mtu mzima jino la upande usiokuwa na pengo. Nilitukanwa na ukoo mzima. Tangu siku hiyo sikubali kitu mpaka nikizunguke. Sasa mimi nilikaa wiki kumi mbele ya hicho kioo nikasema, mbona huyu mama aliyetunga mafumbo mengine yote mazuri, mafupi, yenye mzaha, hili la mwisho liwe halina mlango? Ndipo nikaenda nyuma."

"Dada yangu alikuwa anaumwa alipolitunga," alisema mwenyekiti. "Lakini hakukosea."

"Sikusema alikosea yeye."

Hapo ndipo pakawa pazito. Mwenyekiti alifungua mkoba wake, akatoa daftari la marehemu, la jalada la bluu, lililofungwa kwa raba, akalifungua kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akaliinua juu watu walione.

"Nilinakili mimi, kwa mkono wangu, kete baada ya kete. Mchoro huu hapa. Chini ya ukurasa ni upande wa weupe, juu ni weusi. Hivyo ndivyo mafumbo yanavyochorwa dunia nzima, hata mtoto anajua. Nani atathibitisha vinginevyo? Wewe? Ulikuwepo?"

"Sikuwepo," alisema Fundi Meno.

Akaketi. Wala hakumtazama mtu aliyekuwa kando yake, ingawa humo ndani alikuwemo mmoja tu aliyekuwepo hospitalini, na kila mtu alimjua.

Fundi mizani alishika ukingo wa kiti, akainuka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu akakitazama kile kioo.

Kilikuwa kidogo kuliko alivyokumbuka. Kete zilikuwa zile zile, taji la mfalme mweusi limebanduka rangi tangu siku alipoanguka kwenye ndoo. Akamwona mke wake ameegemea mito miwili, ubao umewekwa juu ya sinia la hospitali katikati yao, daftari mkononi. Na yeye mwenyewe amekaa miguuni pa kitanda, kiti kimebana, kwa sababu upande mwingine kulikuwa na mashine. Siku zote mke wake alimpa yeye kete nyeupe. "Shika weupe, uanze," alimwambia, "wewe mgeni hapa." Kama mtu anayempa mwenzake kiti kizuri.

"Alichora kutoka kwenye mto," alisema.

"Nini?"

"Weupe walikuwa wangu. Mimi nilikaa miguuni, yeye alikaa kichwani. Alichora alivyoona yeye, kutoka kwenye mto. Chini ya ukurasa ni upande wa weusi, shemeji. Ni upande wake."

Mwenyekiti alitazama daftari. Akaligeuza juu chini. Akaligeuza tena.

"Hukuwahi kusema."

"Hamkuwahi kuniuliza. Mlikuwa na kamati ya kioo, kamati ya kibao, kamati ya ufunguzi. Mume aliyekuwa pale kitandani hakuitwa hata kikao kimoja. Na mimi sikuwahi kugeuka nikatazama. Hilo ni kosa langu, liandike. Lakini hilo lako liandike pia. Miaka mitatu watu wanakuja kusimama hapa, na mke wangu anaonekana aliacha fumbo bovu."

Akaenda mbele, akashika upande mmoja wa meza. Hakuhitaji kuita. Upande wa pili ulishashikwa na mikono yenye alama za nta. Wakavuta pamoja, hatua moja kutoka ukutani, miguu ya meza ikalalamika sakafuni, wakapita nyuma yake wote wawili. Palikuwa pembamba. Bega lake lilikaa dhidi ya bega la mwanamke, na hakulitoa.

"Unaona?" aliuliza Fundi Meno, taratibu.

Aliona. Kutoka mbele ya kioo, kulikuwa na askari mmoja mweupe, zile kete ndogo ambazo hazijui kurudi nyuma, aliyeonekana bado yuko nyumbani, hajawahi kuondoka. Watu walimpuuza wote. Kutoka huku, askari yule yule alikuwa amevuka ubao mzima. Alibakiza hatua moja tu kufika mwisho.

"Jamani," alisema polepole. "Hata mimi naliweza hili."

Akainua kioo.

"Usiguse," alisema mwenyekiti, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetaka aone.

Kinyozi alishafika, ameacha safu, kichwa kimeingia katikati yao. Fundi mizani alimchukua malkia mweupe, akamvusha ubao, akamweka ubavuni kabisa mwa mfalme mweusi.

"Umemtupa," alisema kinyozi. "Mfalme anamla."

"Njoo huku nyuma, utazame tena. Nani anamlinda?"

Kinyozi alijipenyeza. "Huyu askari. Ala. Kumbe anatazama kule." Akanyamaza, jambo lisilo la kawaida kwake. "Basi mfalme hali. Itabidi farasi wake ndiye amle malkia."

"Amle."

Farasi mweusi akala, na kwa kula huko akakaa mahali pale pale ambapo mfalme wake angepatumia kutorokea. Sasa mfalme alikuwa amezibwa na watu wake mwenyewe pande zote.

"Askari anafika," alisema fundi mizani, akamsogeza ile hatua moja.

"Malkia mpya," alisema kinyozi. Askari akifika mwisho hugeuzwa kete nyingine, na kila mtu huchagua malkia bila kufikiri.

"Malkia hafai. Akiwa malkia hapo, hamgusi mfalme. Anakaa tu." Fundi mizani alisita. "Ni farasi. Farasi peke yake ndiye anayemfikia."

"Farasi mweupe hayumo," alisema kinyozi. "Kete zilizobaki ziko kabatini kwa mwenyekiti."

Fundi mizani alitia vidole kwenye mfuko wa shati, chini ya barua yenye mihuri miwili, akatoa farasi mwenye rangi ya fizi. Akamwondoa askari, akamweka pale. Kitako chake kilichochongwa kwa chombo cha meno kilisimama sawasawa.

Mfalme mweusi hakuwa na pa kwenda.

"Nilidhani alitupwa," alisema Fundi Meno. Sauti yake ilikuwa imepotea nusu.

"Alitupwa. Nilimwokota siku ile ile, nyinyi mkishuka ngazi."

"Wiki zote hizi unatembea naye?"

"Silali naye," alisema fundi mizani. "Humweka kwenye kikombe."

Mwanamke alicheka, huku amefunika mdomo kwa kiganja, macho yamejaa. Hakuna mwanachama aliyejua pa kutazama.

Mwenyekiti alikuwa amekaa. Daftari lilikuwa magotini, raba inaning'inia kidoleni. Tai ilikuwa imekwenda upande, naye hakuirudisha. Ghafla alionekana mzee, kaka tu wa mtu aliyekufa.

"Kila asubuhi," alisema. "Kila asubuhi kabla ya chai, miaka mitatu, nililijaribu. Nilisema dada alitupita wote akili."

"Alitupita," alisema fundi mizani. "Lakini hili lilikuwa jepesi. Alinitungia mimi, na aliujua uwezo wangu."

Mwenyekiti alitaka kucheka, ikashindikana. Akajipangusa uso kwa leso, muda mrefu kuliko jasho lilivyokuwa. Alipoiondoa, uenyekiti ulikuwa umesharudi mahali pake.

"Haya. Barua naifuta. Abaki, na Jumamosi aje. Fumbo amelifumbua, tutaandika jina lake kwenye kibao. Lakini ninyi wawili, shemeji, hapana. Mama nitamwambia nini? Kaeni meza tofauti, tokeni kila mtu kwa wakati wake, watu wasipate la kusema. Nimekubali nusu, nawe kubali nusu."

Mkono ukanyooshwa tena. Safari hii hakusema lile neno, lakini lilikuwa pale pale.

Mizani mbovu, fundi aliwahi kumwambia Fundi Meno, si ile inayolala upande mmoja. Hiyo huonekana haraka. Mbovu ni ile inayosimama katikati hata ukiweka gunia, kwa sababu imeshika kutu.

"Mama mwambie nitakuja mwenyewe kesho, mchana," alisema. "Nitamwambia kwa mdomo wangu. Na sitakuja peke yangu, kama mwenzangu atakubali."

Wote walimtazama mwenzake.

"Sijaulizwa," alisema Fundi Meno.

Fundi mizani akamgeukia, mbele ya watu kumi na wawili na feni mbili. "Nakuuliza. Kesho twende kwa mkwe wangu. Nataka akujue. Nataka kila mtu akujue, kwa kuwa nakupenda, na nimechoka kukupendea kwenye ngazi."

Fundi Meno alimtazama usoni, kwanza upande mmoja, kisha mwingine, kama anayezunguka kitu kabla ya kukikubali.

"Nitavaa hili la kijani," alisema.

"Ukienda naye," alisema mwenyekiti, "chumba cha uani nitakihitaji."

Fundi mizani alitoa funguo, akatenga mmoja, akauweka juu ya kioo kitupu. Ulilia kidogo ulipogusa.

"Bati la kona ya kushoto nimeliziba kwa lami," alisema. "Mvua ikiwa kubwa uweke ndoo, lakini halivuji kama zamani."

Kisha akampisha mwanamke atangulie, wakatoka nyuma ya meza. Farasi wa rangi ya fizi walimwacha pale pale alipo, juu ya ubao. Hakuna aliyethubutu kumgusa, hata mwenye sheria ya nne.

Walikuwa wameshafika mlangoni kinyozi alipoita.

"Sare, na mchezo wetu je? Tulipanga leo."

"Jumamosi ijayo," alisema fundi mizani. "Ujiandae vizuri, sitakunyooshea mkono. Na hilo jina mtafutie mtu mwingine."

*

Nje jua la alasiri lilikuwa bado kali. Vijana wa duka walikuwa wanapakia godoro juu ya gari dogo kuliko godoro lenyewe, na wapita njia wote walikuwa na ushauri.

"Utafanyia wapi kazi?" aliuliza Fundi Meno.

"Sijui."

"Chumba changu kina meza ya pili. Ina vumbi la plasta."

"Mizani haipendi vumbi."

"Utaifunika. Usianze kunichagulia."

"Sijachagua. Nimesema haipendi."

"Basi itajifunza kupenda."

Walifika ukingo wa barabara. Magari yalikuwa yanapita bila kumjali mtu. Fundi mizani alinyoosha mkono, akamshika kiwiko, nafasi ilipopatikana wakavuka, yeye upande wa magari. Katika dirisha la juu, nyuma yao, vichwa vilikuwa vimejipanga, na katikati ya vichwa palikuwa na tai.

Walifika upande wa pili. Walitembea hatua tano, kumi, wakaipita kona ambayo Jumamosi saba alikuwa anaishia kumuaga.

"Tumeshavuka," alisema mwanamke, akiutazama mkono uliokuwa bado umemshika.

"Najua."

"Wanatuona."

"Ndiyo," alisema fundi mizani, na badala ya kuachia akashusha mkono polepole kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole, vile vyenye plasta, akavifumbata, wakaendelea kwenda.